Kusimama na Sentensi

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mwanasheria wa kampuni ametukataza kuandika neno lolote la maana kwenye kompyuta za ofisi au kwenye simu. Barua hii nimempa dereva wa gari la magazeti aichomeke katikati ya bunda la mji wenu. Ukiwa na jibu mpe huyo huyo asubuhi anapopita. Tafadhali usimkaribishe chai, maana ukianza kumweleza jambo miji mingine yote itakosa gazeti.

Najua umeshasikia. Wiki mbili zilizopita wafanyakazi kumi na mmoja wa chumba cha habari waliniletea barua ya kurasa mbili. Wanalalamika kwamba watu wanadhalilishwa mbele ya wenzao, kwamba wanaogopa kuuliza, kwamba wanaficha hata ugonjwa, na kwamba mkutano wetu wa saa nne asubuhi ni mahakama isiyo na wakili. Wote wametia sahihi. Waliiweka mezani nikiwa naongea na simu.

Sasa nikuambie mwenyewe nilichofanya, maana huko nje kimeelezwa kwa namna saba. Niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, kurasa zote zinapita kwangu, na karatasi yoyote inayotua mezani pangu saa hiyo inapata kalamu. Nikakata "kwa masikitiko makubwa". Pembeni nikaandika, "Nani kasema? Lini? Mara ngapi?" Kwenye mahakama isiyo na wakili nikaandika, "Nzuri, lakini thibitisha." Mwisho kabisa nikaweka, "Imekaa vizuri. Punguza aya ya tatu, kisha nirudishie." Nikaitia kwenye kisanduku cha kazi za kurudisha. Nakuapia, Mjomba, sikujua nimefanya nini mpaka kesho yake nilipoiona picha yake imeenea kwenye simu za nusu ya mji.

Wanasema ilikuwa dharau. Haikuwa dharau. Sijui ilikuwa nini.

Bodi inataka tujibu Jumamosi, ukurasa wa pili, na inataka sauti yako. Wewe ndiye uliyeanzisha kusimama na sentensi ulipokuwa mhariri kwenye kiti hiki changu, na wasomaji bado wanakuheshimu. Nusu ukurasa inatosha: ulianzisha kwa nia gani, na kwamba katika miaka yako yote hakuna aliyeumia. Niipate Alhamisi. Nakuwekea na nakala ya barua yao.

Hapa ofisini hapakaliki. Nikitoka kwenye kile chumba changu cha vioo, vidole vinasimama juu ya vibonye. Nikirudi, vinaanza tena. Nimekuwa naenda kuchota maji mara sita kwa asubuhi ili tu nipite kati yao, na sasa mlinzi ameniuliza kama nina sukari.

Mpwa wako


Jumatano, 5 Machi

Marahaba, mpwa wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili na ya wenzako mara tatu. Kwanza niseme kama mtu wa kazi: masahihisho yako ni sahihi yote. Aya ya tatu ni ndefu kweli. Pili niseme kama mjomba: mtu akija kwako analia, humwambii apunguze kilio aya moja. Lakini mkono ule naujua, mimi ndiye niliyeutengeneza, kwa hiyo sitaucheka.

Ngoja nikueleze jambo hili lilivyoanza, maana wewe ulilikuta limeshakomaa, na kitu kilichokomaa hakionyeshi mbegu yake. Zamani mtambo wa kuchapa ulikuwa chini yetu, ghorofa ya kwanza. Ukianza kunguruma, vikombe vinatembea mezani. Huwezi kuurudisha nyuma. Kosa likishaingia kwenye mtambo limekwenda, linasafiri na gari, linafika kwa mwalimu, kwa daktari, kwa mtu anayekata gazeti na kulihifadhi. Nikajiuliza, kwa nini watu wenye akili zao wanarudia makosa yale yale? Nikagundua kwamba jicho lina huruma. Linalipita kosa kwa kuwa linajua mwandishi alitaka kusema nini. Sikio halina huruma. Basi nikaweka utaratibu: asubuhi tunachagua sentensi moja mbovu ya gazeti la leo, mwenyewe anasimama, anaisoma kwa sauti mara tatu, anaketi, yamekwisha. Hakuna barua ya onyo wala kinyongo.

Na wa kwanza kusimama nilikuwa mimi. Niliandika kwamba kikosi cha zimamoto kilifika mapema na kuwasha moto. Nikaisoma mara tatu, watu wakacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna sherehe. Hiyo ndiyo ilikuwa roho yake.

Kuhusu kuumia, nikupe mfano mmoja unaotosha. Unamkumbuka Mama Koma, msomaji wetu wa prufu, zile nakala za kukagua kabla ya kuchapa, yule aliyewahi kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya koma moja. Siku hiyo ulikuwapo, ndio kwanza umeajiriwa, umekaa dirishani. Tulichapa tangazo la maktaba: "Jumamosi maktaba itafunguliwa saa 3 na kufungwa saa 3." Ilitakiwa ifungwe saa 8. Mama Koma akasimama. Mara ya kwanza, kwa ujanja wake, akaisoma iliyo sahihi, eti saa 3 na saa 8, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia, soma kilichoandikwa. Hapo akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, na sisi wote naye. Nikasema wasomaji waingie maktaba wakikimbia. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiisimulia hadithi hii kwa kila kijana anayeniuliza habari za kazi.

Maelezo yangu kwa ajili ya ukurasa wa pili yako kwenye karatasi ya nyuma. Mfano huo nimeuweka katikati. Kata utakapo, ila sentensi ya Mama Koma usiiguse.

Ili jibu lenu liwe na uzito zaidi, leo hii nimemwandikia yeye pia athibitishe. Anakaa njia hiyo hiyo ya gari, mji wa tatu kabla ya huu wangu.

Na punguza maji.

Mjomba wako


Jumatano, 5 Machi

Mama Koma, salaam nyingi.

Umepotea, au mimi ndiye niliyepotea. Tangu ulipoacha kazi kwa sababu ya macho, sijapata msomaji anayenigombeza kama wewe, na hapa nyumbani nabaki kugombana na redio. Natumaini macho yamepumzika na binti yako hajambo. Nasikia siku hizi ni muuguzi.

Bila shaka umesikia yanayompata mpwa wangu kule kazini. Watoto wa siku hizi wanasema kusimama na sentensi ni udhalilishaji. Mimi na wewe tunajua ilikuwaje. Nimewapa mfano wa ile siku ya maktaba. Nakuomba uandike mistari mitano tu, kwa maneno yako, useme ulivyoichukulia. Ya kwako yatakuwa na nguvu kuliko yangu, maana wewe ndiye uliyesimama. Mpe dereva.

Koma nimeziweka kwa uangalifu. Ukikuta imezidi, nihurumie.

Mhariri wako wa zamani


Jumamosi, 8 Machi

Mjomba, shikamoo.

Gazeti umeshaliona. Maelezo yako yamekaa ukurasa wa pili, na sentensi ya Mama Koma sikuigusa. Bodi wameipenda wakaitolea herufi kubwa katikati ya ukurasa, ALICHEKA MPAKA MACHOZI YAKAMTOKA. Mwenyekiti alinipigia kunipongeza. Alisema tumelimaliza.

Halijaisha. Leo asubuhi niliingia mkutanoni nikakuta viti vyote vina watu, na hakuna aliyefungua gazeti. Unaijua sauti ya watu ishirini wanaofungua gazeti kwa pamoja. Haikuwapo. Nikauliza, kuna anayetaka kusema lolote kuhusu ukurasa wa pili? Mwandishi wa michezo akasema, "Aya ya tatu ni fupi, dada. Imepungua vizuri." Hakuna aliyecheka.

Kuna jambo sikukuambia kwenye barua ya kwanza. Niliona si lazima. Tuna mwandishi wa mahakama, kijana makini, na ana kigugumizi. Alipoajiriwa kilikuwa kidogo, unaweza kukaa naye mwezi usikigundue. Mwezi wa kumi na moja alichanganya shahidi na mshtakiwa, kosa kubwa, tulinusurika kushtakiwa. Nikamsimamisha. Sentensi ilikuwa na maneno kumi na tisa. Mara ya kwanza ilimchukua dakika moja. Mara ya pili alikwama kwenye neno "mshtakiwa", na mtu mmoja nyuma akammalizia. Watu wakacheka, Mjomba, si wote. Nami nikasema, "Bado mara moja." Ndivyo utaratibu ulivyo, mara tatu. Nilidhani nikimwachia njiani nitakuwa nimemdharau zaidi.

Tangu siku ile hajasema neno mkutanoni. Ananiandikia vikaratasi. "Kesi imeahirishwa." "Naomba ruhusa ya Jumanne." Ninavyo vyote kwenye droo, sijui navitunzia nini. Katika zile sahihi kumi na moja, yake ni ya kwanza.

Jingine ni hili. Bodi inasema kwa kuwa sasa tumejibu na tumeaminiwa, hao kumi na mmoja wamelichafua gazeti kwa madai yasiyo ya kweli. Barua kumi na moja za kuwaachisha kazi zimeshachapwa, ziko mezani kwangu zinangoja sahihi yangu. Mwisho ni Ijumaa. Nisiposaini, mwenyekiti amesema kwa upole kabisa, itabidi watafute mtu wa kusaini, na mtu huyo atahitaji kiti changu.

Mama Koma amekujibu? Niambie amejibu. Nikiona maandishi yake kwamba ilikuwa kicheko, nadhani nitaweza kusaini.

Mpwa wako


Jumatatu, 10 Machi

Mzee, salaam.

Binti yangu ndiye anayeandika, mimi natamka, na koma naziweka mwenyewe.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikuwa bado natafuta namna ya kukujibu kwa adabu. Jumamosi binti akanisomea gazeti, akafika kwenye zile herufi kubwa, akalishusha gazeti. Nikamwambia, endelea. Kwa hiyo hukungoja jibu langu. Sikushangaa, hukuwahi kungoja.

Ulitaka mistari mitano. Itazidi.

Asubuhi ile ya maktaba nilikuwa natoka hospitali ya macho. Kazini niliaga kwamba naitwa shuleni kwa binti. Daktari aliniambia jicho la kushoto limekwisha, na la kulia tulichunge. Akauliza, ulianza lini kuona ukungu? Nikasema, mwaka jana, mwezi wa tano. Akaweka kalamu chini. Akasema, ungekuja mwezi wa tano, tungeliokoa.

Utauliza kwa nini sikwenda. Mwezi ule ule wa tano, yule mpangaji kurasa mnene alisema mkutanoni kwamba herufi zinamchezea. Ukamwambia, "Kama huoni, sema, nikutafutie kazi ya kuuza gazeti barabarani. Kule halisomwi, linashikwa tu." Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, nilikuwa nimeshaanza kuona ukungu. Nikarudi mezani kwangu nikajifunza kukisia. Tatu na nane zilikuwa zinafanana, nilizitenganisha kwa maana ya sentensi. Fundi wa mtambo alikuwa akinisomea matangazo kwa siri, nikimwambia napenda sauti yake. Alidhani namtaka.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Uliniambia nisimame. Nikasoma, saa 3 na saa 8. Haukuwa ujanja, Mzee. Ndivyo nilivyoona. Mkacheka, ukasema, soma kilichoandikwa. Sikuweza kukiona kilichoandikwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ishirini na karatasi mkononi, najua kuna kosa, sijui liko wapi. Nikabahatisha, nikasema saa 3 na saa 3, nikakusikia umefurahi, nikajua nimepata. Mara ya tatu nikairudia kama kasuku.

Machozi yalikuwa ya dawa aliyonitia daktari. Hayo ni ya mwanzo. Yaliyofuata hayakuwa ya dawa. Na nilicheka, ni kweli, kwa sababu anayecheka haulizwi ana nini.

Hukuwa mtu mbaya. Siku ya mafuriko ulimbeba binti yangu mgongoni kutoka ofisini mpaka kituoni, anakumbuka mpaka leo. Hiyo ndiyo iliyotufunga midomo. Ungekuwa mkatili tungekushtaki mapema. Ulisimama wa kwanza, kweli, lakini wewe ulisimama ukiwa bosi. Ukiketi unabaki bosi.

Sikuacha kazi kwa sababu ya macho tu. Niliacha kwa sababu lile la kulia lilipoanza, nilijikuta tena nafikiria namna ya kulificha.

Umechapa jina langu. Lisahihishe.

Mama Koma


Jumanne, 11 Machi

Mpwa wangu,

Nakupelekea barua ya Mama Koma. Isome umefunga mlango, ingawa najua mlango wako ni wa kioo.

Nimeandika rasimu nne za barua hii. Katika ya kwanza nilieleza kwamba sikujua. Katika ya pili nilieleza kwa nini nisingeweza kujua. Ya tatu ilikuwa na kurasa sita na ilieleza historia ya kazi ya prufu. Zote nimezichana. Jana mchana nilitoka kutembea nikajikuta nimefika ofisi ya posta, sina cha kutuma. Nimerudi, nimetoka tena. Dada yako, aliyekuja kunitazama goti, amesema nikizunguka meza mara moja zaidi atanifunga kwenye kiti.

Sentensi ile ni yangu. Imechapwa katika gazeti langu, kwa jina langu, na ina kosa. Utaratibu unajulikana. Alhamisi nitakuja na gari la magazeti linaporudi. Niitie mkutano, wote kumi na mmoja wawepo, nitasimama mbele yao na kuisoma mara tatu, kisha nitaeleza. Nimemwandikia Mama Koma kumwarifu.

Barua zile kumi na moja zisiguswe mpaka nifike.

Mjomba wako


Jumatano, 12 Machi

Mzee,

Usisimame.

Ukisimama, watapiga makofi. Watasema, tazama mzee alivyo muungwana, na utaratibu wako utapata maisha mengine miaka ishirini. Kesho kutwa watamsimamisha mwingine kwa mfano wako.

Kama unakwenda, nenda ukakae. Chukua kiti cha nyuma karibu na mlango wa choo, kile ambacho hukuwahi kukikalia. Waache waseme wao, mpaka wamalize. Usieleze kitu. Wakinyamaza, usijaze. Najua nakuomba kazi nzito.

Kalamu acha nyumbani.

Mama Koma


Jumamosi, 15 Machi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia bila kujua kama nina haki ya kukuita mama. Mimi ni yule binti wa dirishani. Siku ya maktaba nilikuwa na wiki tatu kazini, nikacheka kwa sauti kubwa ili nionekane nimezoea. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayekuambia.

Bila shaka unataka kujua kama alitii. Alifika Alhamisi saa tatu na nusu akiwa na vumbi la magazeti begani. Watu walisimama wote alipoingia, akawapungia mkono waketi, akapita katikati ya meza, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa choo. Kalamu alikuja nayo. Aliitoa mfukoni, akaitazama, akanyoosha mkono akampa mwandishi wa michezo amshikie.

Mimi nilisema maneno machache tu: kwamba barua waliyoniandikia niliisahihisha badala ya kuisoma, na sasa naomba niisome kwa masikio. Kisha nikaketi. Hapakuwa na aliyesimama. Walisema mmoja mmoja wakiwa vitini, kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Mpangaji kurasa wetu wa sasa alisema alifanya kazi na maumivu ya figo mwezi mzima kwa kuogopa kuonekana mvivu. Dada wa habari za biashara alisema humeza swali lake mpaka afike nyumbani. Mwandishi wa michezo alisema mizaha yake yote mkutanoni ni ya kujikinga, na kwamba amechoka kuwa mchekeshaji. Mengine yalinihusu mimi kwa jina, siku na saa. Niliwahi kuwaandikia pembeni, nani kasema, lini, mara ngapi. Walikuwa na majibu yote.

Mjomba alikuwa anahangaika kitini kama mtu aliyekalia misumari. Kila aliyemaliza, yeye alifungua mdomo, akaufunga. Mara moja alifika mpaka "Ile ilikuwa ni..." akajishika ndevu akaacha.

Wa mwisho alikuwa mwandishi wetu wa mahakama. Tangu mwezi wa kumi na moja hatukuwa tumeisikia sauti yake. Alisema, "Mimi nilitaka kusema kwamba," akakwama. Chumba kizima tulidhani tunalijua neno lililokuwa linakuja. Nikamwona Mjomba midomo inamchezacheza kumsaidia, kisha akainua mkono wake akajiziba mdomo, akaushikilia hapo hapo. Tulingoja. Mashine ya kunakili karatasi ilijizima yenyewe. Tuliendelea kungoja. Neno likaja. Lilikuwa "sikuogopa". Alisema hakuogopa kusoma ile sentensi. Alichoogopa ni kile kimya changu kabla ya kusema bado mara moja, kwa sababu alikisikia na akajua kwamba nilikuwa nimeshaona, na bado nikaendelea.

Mama, hilo ni kweli. Nilikuwa nimeona.

Jana asubuhi nilizirudisha bodi barua zote kumi na moja bila sahihi, na bila alama yoyote ya kalamu. Jioni nikapeleka haya ukurasa wa pili, mahali pale pale, na bodi sikuwaonyesha. Binti yako atakuwa ameshakusomea, lakini nayaweka hapa:

"Masahihisho. Katika toleo letu la Jumamosi iliyopita, ukurasa wa pili, tulichapa kwamba msomaji wetu wa zamani wa prufu alicheka mpaka machozi yakamtoka aliposimamishwa na sentensi. Machozi yale hayakuwa ya kicheko. Tulichapa pia kwamba hakuna aliyewahi kuumizwa na utaratibu huo. Wapo walioumia. Wafanyakazi kumi na mmoja waliotuandikia walisema kweli, na barua yao tunaichapa leo hapa chini, aya zote. Utaratibu wa kusimama na sentensi umekoma."

Aya ya tatu imebaki na urefu wake.

Mwenyekiti wa bodi amepiga simu mara tatu tangu saa moja. Sijapokea. Ya nne nitapokea, nikimaliza kukuandikia. Vitu vyangu havijai hata boksi moja, nimeshapima. Vile vikaratasi vya kwenye droo nimemrudishia mwenyewe. Amevipokea, akasema asante, kwa mdomo.

Binti wa dirishani


Jumapili, 16 Machi

Mama Koma,

Kabla hujafika ofisini siku ile, ulipotoka kwa daktari, ulikwenda wapi? Ulikuwa na nani?

Nauliza tu. Sina cha kueleza. Jibu kwa urefu unaotaka, nami nitangoja.

Mzee